Mngoni Aliyetaka Maadui Wazikane

Cleopas Ngonyani alikuwa mjinga, na ninayo haki ya kusema hivyo. Yeye Mngoni wa Peramiho, mimi Sikuzani, Mnyamwezi wa Tabora, na Mngoni na Mnyamwezi ni watani. Nilivyosimuliwa utotoni, babu zake walipanda kutoka kusini na ngao zao za ngozi wakachoma vijiji vya babu zangu, babu zangu nao wakawavizia na mishale, wakauana hivyo mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa midomo tu. Tangu hapo Mngoni akinikuta njiani ananinyang'anya kilemba na kuniita mpagazi, mimi namwita mla panya, na hakuna wa kukasirika. Akifa, mimi ndiye wa kwanza kuingia msibani. Navaa nguo zake, natembea alivyotembea, namsema ulevi wake na uchoyo wake mbele ya mjane, wafiwa wanacheka huku wanalia, halafu nashika jembe. Msiba usio na mtani umepooza.

Kwa hiyo nikimsema vibaya hapa usimhurumie. Ukitaka kusikia marehemu akisifiwa, nenda kanisani.

Tulikutana Birmingham mwaka sitini na sita, mtaa wa Lozells, dukani kwa Champa, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Nairobi, ambaye unga wake wa mahindi aliuweka chini ya meza kwa ajili yetu tu. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini. Yeye alikuja Uingereza kusomea uhasibu, mfadhili wake akafa, masomo nayo yakafa. Alipotaja kwao ni Peramiho nikampokonya kofia kichwani papo hapo nikaikalia. Champa alidhani tunagombana akataka kuita polisi. Cleopas akapiga magoti katikati ya duka, mtu mzima na koti lake, akaniomba kofia yake kwa sauti ya mtoto. Nilikuwa sijacheka tangu nishuke kwenye ndege. Nilimpenda tangu siku ile, kama ndugu, na sikumwambia, kwa sababu mtani haambiwi mambo ya namna hiyo.

Alifanya kazi Aston, mitaa miwili kutoka uwanja wa mpira, katika karakana ya kushona viti vya magari. Meza moja, watu watatu. Wa kwanza Kessler, Myahudi aliyezaliwa hapa hapa Birmingham, mkata ngozi. Wa pili Fawzi, Mpalestina wa Ramla, mshonaji. Wa tatu Cleopas, wa kujaza sponji. Kessler anakata, Fawzi anashona, Cleopas anajaza, kiti kimekwisha. Fawzi alifukuzwa kwao mwaka arobaini na nane akiwa mtoto, akatembea juani na mama yake, na mama akafia njiani. Kessler naye shangazi zake wote walichomwa na Wajerumani, hakubaki hata wa kumsalimia. Kessler alikuwa na mke, na mtoto mmoja wa kiume, Joel, kijana wa kuimba na kupiga kelele uwanjani kila Villa, timu ya pale Aston, ikicheza. Kessler na Fawzi, watu wazuri wote wawili. Nasema hivyo mapema, maana nitakayoyasema baadaye yatakufanya usiamini.

Juni ya sitini na saba Waisraeli na Waarabu wakapigana kule, na hapa Aston watu wawili wakaacha kusemeshana. Meza moja, lakini Kessler akitaka uzi anamwambia Cleopas amwambie Fawzi. Fawzi akijibu, anamjibu Cleopas. Cleopas akageuka posta. Kila jioni akija kwangu kunywa chai ananisimulia, na badala ya kuchoka, macho yanamng'aa.

"Mtani," akaniambia, "hawa watu mbona ni watani na hawajui?"

"Hao ni maadui."

"Na sisi tulikuwa nani?"

Nikamwambia anyamaze anywe chai. Hakunyamaza. Mngoni akiingiwa na jambo kichwani huwezi kulitoa hata kwa nyundo.

Akaniomba nimpitie karakanani siku moja saa ya mapumziko. Nikampitia. Nilipomwona tu nikamwita mla panya, nikachukua mkate wake wa mayai nikaula mbele yake, yeye akanitukania ukoo mzima, na Kessler na Fawzi wakaacha vikombe wakasimama kutuamua. Wote wawili kwa pamoja, kumbuka hilo. Cleopas akawaeleza babu zetu walifanyiana nini. Kessler akauliza nani alishinda. Cleopas akasema hakuna anayekumbuka. Nikasema muongo, sisi tulishinda. Fawzi akatabasamu, Kessler akamwona akitabasamu, na akatazama pembeni haraka kama aliyefumaniwa.

Ndipo alipoanza kuwafundisha. Kwa mwaka na zaidi. Alichukua kofia ya Kessler akaiweka kichwani kwa Fawzi. Aliiba chai ya Fawzi akampa Kessler, Kessler akainywa bila kujua, akaambiwa hiyo ni desturi yenu, kunywa cha mwenyewe huku mwenyewe anaangalia. Nilidhani watauana. Kessler akaweka kikombe chini, akafikiri, akasema, "Chai yenyewe mbaya, ndiyo maana hamkuitetea." Fawzi akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo wakaanza kusemeshana, na maneno yao ya kwanza yalikuwa matusi.

Wakati huo mama mmoja wa Kikweka, wale Wakristo wasio na mchungaji, alifungua ukumbi wake pale Lozells kila Alhamisi jioni, watu wazungumzie amani ya Mashariki ya Kati. Walikuja wanafunzi, walimu, kina mama wa kuleta biskuti. Wengine wakitaka nchi igawanywe mbili, wengine wakitaka huyu amfukuze yule. Cleopas akawapeleka watu wake wawili, akasimama na Kiingereza chake cha Peramiho akasema: nchi isigawanywe, iwe serikali moja ya pamoja, waziri huyu, waziri yule, kupokezana, na lisipite jambo bila pande zote mbili kukubali. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, na chuki je? Cleopas akasema chuki msiiondoe, ipeni kazi. Mtu usiyeweza kumtukana huwezi kugawana naye serikali. Na mtu asiyekuzika huyo si mwenzako, hata atie sahihi ngapi.

Kina mama walipiga makofi ya adabu. Hakuna aliyemwelewa.

Karakanani waliifanya kweli hiyo serikali. Jumatatu waziri mkuu Kessler, Jumanne Fawzi, na lolote la chumba kile liamuliwe na wote wawili. Kulikuwa na dirisha moja. Kessler alitaka lifunguliwe, Fawzi alitaka lifungwe, mafua yake. Majira yote ya joto dirisha lilibaki limefungwa kwa kukosa maafikiano, watu wakitoka jasho kama wako tanurini, Cleopas akifurahi kupita kiasi. Mwaka uliofuata likafunguliwa nusu. Alikuja mbio mpaka hospitalini kuniambia. Nesi mkuu akadhani kuna mtu amefiwa.

Nikamuuliza, "Unatafuta nini hasa, Mngoni? Wao si ndugu zako, nchi si yako."

Akasema, "Nataka siku mmoja akifiwa, mwingine aingie msibani amtukanie maiti, na wacheke. Nikiona hilo kwa macho yangu, nitajua serikali inawezekana. Hata kwao. Popote."

Hilo ndilo alilolitaka duniani. Hakuoa, hakujenga, hakurudi nyumbani. Wenzake walikuwa wanatuma vyerehani Songea, yeye anahesabu nani kamtukana nani mezani.

Joel Kessler alikwenda Israeli mwaka sabini, akakaa, akaingizwa jeshini. Oktoba ya sabini na tatu vita vingine vikaanza na Joel akafa jangwani Sinai siku za mwanzo. Wakamzika kule kule. Hapa Perry Barr, nyumbani kwa wazazi wake, wakaweka matanga.

Cleopas alikuja kwangu amevaa tai.

"Wakati umefika," akasema.

Nilijua anasema nini na nikamkamata mkono. "Cleopas. Usithubutu."

"Mtani akikosekana msiba umepooza. Wewe mwenyewe unajua."

"Utani haupandikizwi kama shina la muhogo. Wetu sisi, watu walichoka kwanza kuuana, ndipo wakataniana. Hawa hawajachoka. Vita viko redioni sasa hivi, huyo mtoto hajapoa kaburini."

"Ukingoja wachoke utawazika wote."

Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema mkuu gani, mpagazi wewe. Na akaondoka kwenda kumtafuta Fawzi.

Fawzi hakutaka. Nilikuwepo, maana nilimfuata Mngoni wangu kumzuia. Fawzi alikuwa amekaa kitandani chumbani kwake, mikono katikati ya magoti. Dada yake na watoto walikuwa kambini Lebanoni. Alisema, "Kijana alivaa sare ile. Nikimlilia mimi ni msaliti. Nisipomlilia mimi ni mnyama, nimekula naye mkate, nilimwona akikua." Akalia kidogo, kwa hasira, akijifuta haraka.

Cleopas akachuchumaa mbele yake. "Ndiyo maana kuna utani," akasema. "Hulii. Unatukana. Ukitukana umelia na hakuna anayekudai zaidi."

Kwa Mungu nakwambia, nilimtazama Fawzi usoni nikaona amepata nafuu. Ni kama mtu aliyefunguliwa kamba. Cleopas akamfundisha: chukua kitu cha marehemu uvae, tembea kama yeye, sema kwa sauti yake, na sema neno zito kabisa, maana neno jepesi ni dharau. Tukapanda basi kwenda Perry Barr, watatu sisi, na mimi bado nikimvuta Mngoni koti.

Wayahudi wakiomboleza hukaa kwenye vigoda vifupi, vioo vimefunikwa vitambaa, na mgeni anaingia kimya na hasemi kitu mpaka mfiwa aanze. Sisi kwetu msiba usio na kelele ni msiba wa mchawi. Hilo hakuna aliyemwambia Cleopas, naye hakuuliza, kwa sababu alishaamua kwamba kifo ni kimoja kila mahali. Kessler alikuwa kigodani, shati limechanwa kolani, amevimba macho. Mkewe pembeni. Ndugu na majirani wamejaa.

Kwenye kulabu ya koti, pale mlangoni, ilining'inia skafu ya Joel ya Villa, ya rangi ya damu ya mzee na buluu. Nilimwona Fawzi akiiangalia. Nikasema moyoni, ewe Mola, isiwe hiyo. Akaivua akaivaa shingoni. Akaingia sebuleni kwa mwendo wa Joel, mabega mbele, mikono mifukoni, kwa kweli alimwiga vizuri, mpaka bibi mmoja akashika mdomo. Akasimama mbele ya Kessler akasema kwa sauti ya kijana:

"Baba, ile ardhi ya Fawzi tuliyokuwa tunagombania, mimi nimeshapata kipande. Kina urefu wangu hasa. Na hakuna atakayenitoa tena."

Tabora mtu angesema hivyo watu wangeanguka kwa kicheko, na mama wa marehemu angempiga na kanga huku analia na kifua kingemfunguka. Neno lilikuwa zuri. Lilikuwa neno zito, la mtani hasa.

Cleopas akacheka. Kicheko cha msibani, kikubwa, cha kuwaita wengine. Akacheka peke yake. Akageuka kushoto akicheka, akageuka kulia akicheka, akitazama nani atapokea, na mimi mtani wake, niliyekuwa na wajibu wa kupokea, nikainamia zulia. Hakuna aliyepokea.

Mama wa Joel aliinuka. Aliitoa skafu shingoni kwa Fawzi taratibu kama anayemvua mtoto nguo za shule, akaikunja, akaikunja tena, akairudia kuikunja mpaka ikawa ndogo isiyokunjika, na bado anakunja. Binamu wa Kessler akampiga Fawzi mdomoni. Jino likaanguka kwenye zulia. Wakatutoa nje, mimi nikasukumwa nikaanguka kwenye waridi za majirani, na Cleopas mlangoni bado anajaribu kuwaeleza babu zetu walifanyiana nini.

Waarabu wenzake Fawzi, wale wa kahawani, walipata habari siku ya pili. Kwamba alikwenda kwenye matanga ya askari wa Israeli. Hawakuuliza alikwenda kusema nini. Mzee mmoja akamtemea mate kifuani, na tangu hapo akikaa meza wao wanahama. Kwa hiyo Fawzi akakosa huku na akakosa kule, na pengo mdomoni.

Matanga yalipokwisha Kessler akarudi kazini. Nayajua haya kwa Cleopas mwenyewe, alinisimulia bila kuruka kitu. Fawzi alikuwa amesimama pale mezani. Kessler akashika mkasi wake, akauweka chini, akauliza:

"Nani alikufundisha?"

Fawzi akamnyooshea Cleopas kidole.

"Huyu," akasema. "Kwao wanachezea maiti. Mimi nina dini, wewe una dini. Sisi tunaheshimu wafu. Huyu ni mshenzi, alinitia wazimu."

Cleopas alikuwa Mkatoliki wa kupigiwa mfano, rozari mfukoni kila siku, hata ndani ya sponji. Akafungua mdomo, Kessler akamtazama kwa muda mrefu, na Cleopas akaufunga.

Mimi nimelifikiria hilo jicho la Kessler miaka mingi. Alikuwa na mzigo na hana pa kuutua. Angeutua kwa Fawzi, ingebidi autue na kwenye vita vyenyewe, na kwenye waliomwita Joel kule, na kwake yeye aliyemwacha aende na kumlipia tiketi. Cleopas alikuwa karibu zaidi, na alikuwa mweusi, na hakuwa na mtu. Usinipinge. Nimeishi Uingereza, naijua bei ya kila mtu.

Wakatoka pamoja wakaenda ofisini kwa mwenye karakana. Yale mambo ya mpaka wote wawili wakubali, siku hiyo hayakuchukua hata muda wa chai kupoa. Cleopas alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa serikali ile ambao haukuwa na mpingaji.

Nililia kwa hasira alipokuja kunieleza. Nilitaka niende nikavunje lile dirisha. Yeye alikaa kitini kwangu ametulia, akasema, "Mtani, waliongozana. Bega kwa bega."

"Waliongozana kukufukuza."

"Lakini waliongozana."

Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hakuna anayeuliza nyasi zinakuwaje tembo wakipatana.

Akapata kazi ya kuosha mabasi, maji baridi alfajiri hadi alasiri. Akaanza kukohoa. Ile sponji ya miaka saba ilikuwa imeshamkaa kifuani na sasa ikapata maji. Mwaka sabini na nne wale wa Ailandi ya Kaskazini walijaribu serikali yao ya pamoja, Wakatoliki na Waprotestanti, ikafa hata haijafikisha nusu mwaka, na Cleopas akaizungumzia kama mtu aliyefiwa na binamu. Novemba mabomu yakalipuka kwenye baa katikati ya mji wetu, wakalaumiwa Waairishi. Niliyoyaona hospitalini wiki ile siyasimulii. Mtu akisikika ana lafudhi ya Kiairishi ndani ya basi anatukanwa mpaka ashuke.

Wiki hizo ule ukumbi wa Kikweka ulijaa pomoni, kila mtu anatafuta amani anunue. Na jukwaani, wenyeviti wawili kwa pamoja, nani? Kessler na Fawzi. Walikuwa wameshakuwa watu mashuhuri. Gazeti liliwapiga picha. Cleopas akanilazimisha twende, tukakaa nyuma kabisa karibu na makoti.

Kessler alisema alimpoteza mwanawe, na watu wakainamisha vichwa. Halafu akasema, "Palikuwa na mtu kati yetu aliyeona burudani katika kifo. Tulipomwondoa ndipo tulipoanza kusikilizana." Fawzi akadakia, kwa pengo lake lile lile, "Adui yetu hakuwa miongoni mwetu. Sisi tunaheshimu wafu. Tulipolijua hilo, tukajua tunaweza kutawala nchi moja." Ukumbi ukasimama ukapiga makofi. Kina mama wa biskuti walikuwa wanalia.

Nilimgeukia Cleopas. Alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga makofi kuliko wote.

Tukiwa njiani nilimtukana, na safari hii si utani. Nilimwambia wamekula nyama yako na sasa wanasifia mapishi. Nilimwambia wewe si mjinga, wewe ni mzoga. Alisimama akohoe, ameshika ukuta, alipomaliza akanitazama na ile furaha yake ya kipumbavu.

"Umesikia walivyosema?" akauliza. "Wamesema sisi. Wote wawili. Umewahi kuwasikia wakisema sisi?"

Nilikwenda mbele nikamwacha anakohoa.

Kiangazi cha sabini na sita, kile cha joto la kuua, Cleopas alilala na hakuinuka. Chumba chake Lozells, juu ya fundi viatu. Nilimwosha, nikamlisha uji wa Champa. Alikuwa na ombi moja.

"Waje wanizike," akasema. "Sitaki wanipende. Mmoja aanze kunitukana, mwingine amalizie, halafu wachimbe. Nikizikwa na wao wawili sitakuwa nimepoteza kitu."

Nikaenda mpaka Aston, hatua zinanizidi kwa hasira, nikawakuta mezani na kijana mpya wa kujaza sponji. Dirisha lilikuwa wazi lote. Nikawaambia Cleopas anakufa na anawataka. Wakatazamana. Kessler akasema, "Tutazungumza." Fawzi akasema, "Ndiyo, tutazungumza kwanza." Walikuwa wameshazoea kutokutoa jibu mmoja mmoja.

Nilimwambia Cleopas wanakuja. Nilitaka afe na hilo. Kila mtu akipanda ngazi za fundi viatu yeye alidhani ni wao, akajaribu kunyoosha mto, akaniambia nimvishe tai. Wapangaji wa juu walipanda na kushuka. Alikufa akiwa na tai, Jumanne, akisikiliza ngazi.

Alhamisi nilivaa nguo zake. Suruali niliikunja mara nyingi, koti likanifika magotini, na ile kofia niliyoikalia siku ya kwanza nikaibana kichwani juu ya nywele zangu. Nikaingia ukumbini kwa mwendo wake, tumbo mbele ingawa tumbo hana, kikohozi chake, mikono ya kueleza mambo. Mkutano ulikuwa umeanza. Joto lile, milango yote wazi, chai hainyweki. Nikapita katikati mpaka mbele ya meza yao nikasema kwa sauti yake, Kiingereza chake cha Peramiho:

"Waheshimiwa mawaziri, mimi Cleopas, nimekufa juzi. Nimekuja kuuliza nani ananizika. Mmoja achukue kichwa, mmoja miguu. Msipokubaliana, nigaweni katikati, na mpaka wangu muuwekee waya."

Nikacheka kicheko cha msibani, nikageuka kushoto, nikageuka kulia.

Fawzi alinijua. Niliona midomo yake ikitaka kusogea, kidogo sana, pale penye pengo. Nadhani lilikuwa tusi linakuja, na kama lingetoka ningelipokea, ningeanguka chini nikalia, na Mngoni wangu angekuwa amezikwa. Lakini akamtazama Kessler kwanza. Kessler akatikisa kichwa, na Fawzi akafunga mdomo.

Wakainuka. Kessler akanishika mkono wa kulia, Fawzi wa kushoto. Hawakuniumiza. Walinipitisha katikati ya viti hatua kwa hatua, miguu yao ikikanyaga kwa pamoja, bila hata kuambiana, na watu wakivuta magoti kutupisha. Mlangoni Kessler alisema, "Samahani, mama," na Fawzi akasema, "Samahani, mama." Nyuma yangu nilimsikia yule mama wa Kikweka akiomba watu wakae, kikao kiendelee.

Ijumaa tulimzika makaburini Witton, mimi na Champa na padri na wachimba kaburi wawili walioajiriwa, Waairishi, ambao hawakusema kitu muda wote. Niliwaomba sepetu. Nilipomaliza kufukia nikamfanyia utani wake, kama ipasavyo, Champa akinisikiliza bila kuelewa.

Nikamwambia: Mngoni, mla panya, ulikuwa sahihi. Serikali yako ipo, nimeiona jana. Ina mikono minne, na yote minne ilikuwa imenishika mimi.